King Crimson, 1967–1974: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Miaka ya Mwanzo

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wasikilizaji wapya wa King Crimson huyarudia, pamoja na machache ambayo wasikilizaji wa zamani bado wanabishana juu yake. Majibu yanaanzia Bournemouth mwaka 1967 na kuishia pale bendi ilipovunjwa mwaka 1974, lakini mwaka 1969 umepewa nafasi kubwa kuliko miaka mingine yote, kwa kuwa bila kuuelewa huo ni vigumu kuelewa kilichofuata.

## Mambo ya msingi

King Crimson ni akina nani?

Ni bendi ya roki kutoka Uingereza iliyoanza kazi London mwanzoni mwa mwaka 1969. Safu ya kwanza ilikuwa na watu watano: Robert Fripp kwenye gitaa, Ian McDonald, aliyepiga saksafoni, filimbi, klarineti na vinanda, Greg Lake, aliyeimba na kupiga besi, Michael Giles kwenye dramu, na Peter Sinfield, ambaye hakupiga ala jukwaani bali alitunga mashairi na kuendesha taa za maonyesho. Sinfield alihesabiwa kuwa mwanabendi kamili, jambo ambalo si la kawaida kwa mtunzi wa mashairi.

Msikilizaji akumbuke tangu mwanzo kwamba "King Crimson" ya 1969, ya 1971 na ya 1973 ni karibu bendi tatu tofauti. Fripp peke yake ndiye aliyepiga katika zote. Kutokana na hilo watu wengi husema kwamba King Crimson ni Fripp na Fripp ni King Crimson. Kwa miaka ya baadaye kauli hiyo ina ukweli mwingi, ila kwa mwaka 1969 si sahihi, kama inavyoelezwa katika swali la nani alitunga nini.

Je, wao ndio walioanzisha roki ya progresivu?

Si wao peke yao. Kabla yao, mwaka 1967, Moody Blues walikuwa wametoa *Days of Future Passed* wakiwa na okestra, na Procol Harum walikuwa wamechanganya roki na mwelekeo wa Bach. The Nice, wakiongozwa na kinanda cha Keith Emerson, walikuwa wakizigeuza kazi za watunzi wa klasiki kuwa roki yenye fujo. Soft Machine na Pink Floyd nao walikuwa na njia zao.

Walichofanya King Crimson ni kuviunganisha vyote hivyo katika albamu moja isiyoegemea blues, ambayo ilikuwa ndiyo chakula cha kila siku cha bendi za roki za Uingereza wakati huo. Jazi huru, nyimbo za taratibu zenye ladha ya kijadi ya Kiingereza, uzito wa gitaa la umeme na upana wa okestra vilikaa pamoja, na kila kimoja kikapigwa na watu waliokimudu. Ukitaka kutaja albamu iliyoonyesha kwamba mtindo huu unaweza kusimama wenyewe, *In the Court of the Crimson King* ya Oktoba 1969 ndiyo yenye haki zaidi ya kutajwa.

Jina lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye shairi la Sinfield lililokuwa tayari limetiwa muziki na McDonald, yaani wimbo uliokuja kuipa albamu ya kwanza jina lake. Maelezo mengi ya kishetani na ya kifumbo yaliyoongezwa baadaye, mengine na wanabendi wenyewe, yachukuliwe kama mapambo.

Nianze kusikiliza wapi?

Anza na *In the Court of the Crimson King*, kisha uruke hadi *Red* ya 1974, halafu urudi kujaza pengo. Ukifuata mpangilio wa tarehe unaweza kukwama kwenye *Lizard* na kukata tamaa kabla ya kufika mbali.

## Kabla ya jina: Bournemouth na Brondesbury Road

Giles, Giles and Fripp walikuwa nani, na kwa nini albamu yao haifanani kabisa na King Crimson?

Mwaka 1967, ndugu wawili wa eneo la Bournemouth, Michael Giles mpiga dramu na Peter Giles mpiga besi, walitangaza kwamba wanatafuta mpiga ogani anayeweza kuimba. Aliyejitokeza alikuwa Robert Fripp, kijana wa Wimborne katika jimbo la Dorset, ambaye alikuwa mpiga gitaa na wala haimbi. Walimchukua hivyo hivyo, na watatu hao wakahamia London.

Albamu yao, *The Cheerful Insanity of Giles, Giles and Fripp*, ilitolewa na lebo ya Deram mwaka 1968 na karibu hakuna aliyeinunua. Ni kazi ya mizaha: nyimbo fupi zilizounganishwa na hadithi za kuchekesha zinazosomwa kwa sauti, katikati ya vipande vya gitaa vya ustadi mkubwa. Anayeisikiliza kwa kutafuta dalili za King Crimson atazipata katika vidole vya Fripp na katika dramu za Michael Giles, ambazo tayari zilikuwa na wepesi na mikato isiyotarajiwa. Kilichokosekana ni mtunzi wa nyimbo zenye uzito, na huyo alikuwa bado hajafika.

Je, Judy Dyble aliwahi kuwa mwimbaji wa King Crimson?

Hapana, ila alikaribia. Dyble, aliyekuwa ametoka Fairport Convention, alijiunga na Giles, Giles and Fripp katikati ya mwaka 1968 pamoja na McDonald, ambaye wakati huo alikuwa mpenzi wake. Uhusiano huo ulipokwisha, naye akaondoka. McDonald alibaki, na kupitia kwake akaingia Sinfield, kwa kuwa wawili hao walikuwa wameshaanza kutunga pamoja.

Ushahidi wa kipindi hicho upo. Kwenye nyumba yao ya Brondesbury Road, kaskazini-magharibi mwa London, Peter Giles alikuwa na kinasa sauti cha Revox, na alirekodi mazoezi kwa umakini ulioshinda wa studio nyingi. "I Talk to the Wind" iliyoimbwa na Dyble ilitoka kwenye mkusanyiko wa mwaka 1976, na kanda nyingine zikatolewa mwaka 2001 kwa jina la *The Brondesbury Tapes*. Wimbo huo, ukiulinganisha na toleo la 1969, unaonyesha kwamba utunzi ulikuwa umekamilika kabla King Crimson haijazaliwa.

Peter Giles aliondokaje, na Greg Lake aliingiaje?

Fripp alimfahamu Lake tangu ujana. Lake alikulia Poole, kijana mwingine wa Dorset, na wote wawili walifundishwa gitaa na mwalimu mmoja, Don Strike. Bendi ilipohitaji mwimbaji, Fripp alipendekeza Lake achukue nafasi ya Peter Giles au nafasi yake yeye mwenyewe Fripp. Aliyeondoka ni Peter. Lake alikuwa mpiga gitaa, na ilimbidi ashike besi kwa kuwa gitaa lilikuwa na mwenyewe. Mtu asiyejua historia hii hawezi kuitambua kwa kusikiliza.

## Mwaka 1969

Bendi ilianza rasmi lini? Mbona tarehe zinatofautiana?

Zinatofautiana kwa sababu kila chanzo huhesabu jambo lake. Fripp huitaja tarehe 30 Novemba 1968 kuwa siku wazo la bendi lilipokubaliwa. Mazoezi ya kwanza yalifanyika tarehe 13 Januari 1969 kwenye chumba cha chini ya ardhi cha mkahawa ulioko Fulham Palace Road. Mwezi Februari walipiga katika klabu moja ya Newcastle, lakini onyesho linalohesabiwa kuwa la kwanza ni lile la klabu ya Speakeasy, London, tarehe 9 Aprili 1969. Ukilazimika kuchagua tarehe moja, chagua ya Januari, kwa sababu ndiyo siku watu hao walipoanza kupiga pamoja kwa jina hilo.

Chumba hicho cha chini kilikuwa na maana kubwa. Bendi nyingi changa za wakati ule zilijifunza mbele ya watu, katika vilabu vidogo, usiku baada ya usiku. King Crimson walikuwa na fedha za kuwawezesha kufanya mazoezi kwanza, kwa kuwa jamaa mmoja wa familia ya McDonald aliwakopesha mtaji wa vifaa, na walikuwa na mameneja wawili vijana, David Enthoven na John Gaydon, waliounda kampuni ya E.G. Walipotoka nje walikuwa wameshaiva.

Kwa nini Fripp hukaa kwenye kiti anapopiga?

Kwa sababu hawezi kupiga vizuri akiwa amesimama. Hivyo ndivyo alivyoeleza. Alianza kukaa mwaka huo huo wa 1969. Simulizi inayojulikana sana ni kwamba Lake alimwonya kuwa ataonekana kama uyoga. Fripp aliendelea kukaa.

Walipataje umaarufu kabla hata ya kutoa albamu?

Kwa maonyesho, na kwa wanamuziki wenzao kuyasimulia. Klabu ya Speakeasy ilikuwa kijiwe cha watu wa muziki, kwa hiyo usiku wa kwanza tu habari zilifika mahali pake. Kisha wakawa wanapiga mara kwa mara kwenye klabu ya Marquee. Jimi Hendrix aliwatazama mwezi Mei katika klabu ya Revolution. Kwa simulizi ya Fripp, alikuja akiwa na mkono mmoja kwenye bandeji na akaomba kumpa mkono wa kushoto.

Tarehe 5 Julai 1969 walipiga Hyde Park, kwenye onyesho la bure lililoandaliwa na Rolling Stones na ambalo liligeuka kuwa la kumkumbuka Brian Jones, aliyefariki siku mbili kabla. Makadirio ya umati hutofautiana, lakini ni mamia ya maelfu ya watu. Bendi yenye umri wa miezi sita, isiyo na albamu wala singo, ilipanda na kupiga "21st Century Schizoid Man" mchana kweupe. Walipiga pia wimbo wa Donovan, "Get Thy Bearings", wakaunyoosha kwa ubunifu wa papo kwa papo, na wakafunga na "Mars" ya mtunzi wa klasiki Gustav Holst, mdundo wake wa mapigo matano ukizidi kuwa mzito hadi mwisho. Maombolezo ya Brian Jones na kurudi jukwaani kwa Stones ndivyo vilivyojaza magazeti, ila kwa King Crimson siku ile ilitosha.

Mellotron ni nini, na kwa nini kila mtu huitaja?

Kwa nje Mellotron inafanana na kinanda kikubwa cha kawaida. Ndani, chini ya kila kibonyezo, kuna kipande cha utepe wa sumaku kilichokwisha kurekodiwa noti moja ya ala halisi, kwa mfano kundi la fidla au filimbi. Mpigaji anapobonyeza, utepe hubanwa kwenye kichwa cha kusomea na kuanza kuvutwa. Anapoachia, springi huurudisha ulikoanzia. Utepe hutosha takriban sekunde 8 tu. Noti haiwezi kushikiliwa zaidi ya hapo, kwa hiyo mpigaji lazima apange vidole vyake ili noti moja iingie kabla nyingine haijakatika.

Mashine hiyo ilitengenezwa eneo la Birmingham, na Mike Pinder wa Moody Blues, aliyeitangaza kuliko mtu mwingine yeyote, aliwahi kufanya kazi katika kiwanda chenyewe. Ilikuwa nzito mno kubebwa, na umeme ulipopungua kidogo ukumbini mwendo wa utepe ulibadilika na sauti ikatoka nje ya ufunguo. Moody Blues waliitumia kama okestra ya bei nafuu. McDonald aliitumia kwa namna nyingine: katika "Epitaph" fidla zake hazipambi wimbo, zinauendesha, zikipanda polepole nyuma ya sauti ya Lake hadi msikilizaji anahisi ukuta unasogea. Mtetemo ule wa utepe, ambao fundi angeuita kasoro, ndio unaoupa wimbo huzuni yake. McDonald alipata mafunzo ya muziki katika bendi ya jeshi la Uingereza, ambako alijifunza kupangia ala nyingi, na mafunzo hayo yanasikika hapa.

## Albamu ya kwanza

Kwa nini waliitayarisha wenyewe?

Jaribio la kwanza lilifanywa na Tony Clarke, mtayarishaji wa Moody Blues, na halikwenda vizuri. Inaelekea Clarke aliisikia bendi kama Moody Blues nyingine, nao hawakutaka kuwa hivyo. Wakaachana naye, na kuanzia tarehe 21 Julai 1969 wakaingia studio ya Wessex, Highbury, kaskazini mwa London, wakiwa na fundi mitambo Robin Thompson na kinasa sauti cha njia 8. Kazi ilikwisha ndani ya wiki chache. Vijana ambao hawakuwahi kutayarisha albamu kuachiwa studio peke yao lilikuwa jambo la kuthubutu, na mameneja wanastahili sifa kwa kuliruhusu.

Nani alitunga nini?

Hili ndilo swali linalopaswa kuulizwa kuliko yote. Albamu ina nyimbo tano. Mbili kati yake, "I Talk to the Wind" na "The Court of the Crimson King", ni za McDonald na Sinfield peke yao. Tatu zilizobaki, yaani "21st Century Schizoid Man", "Epitaph" na "Moonchild", zimeandikishwa kwa majina ya wote. Hakuna hata wimbo mmoja ulioandikishwa kwa jina la Fripp peke yake.

Haimaanishi kwamba Fripp alikuwa mdogo. Gitaa lake katika "Schizoid Man" halina mfano katika roki ya mwaka ule, na nidhamu ya bendi ilimtegemea. Ila ukiuliza ni nani aliyekuwa mtunzi mkuu, aliyepanga ala, aliyerekodi tabaka juu ya tabaka za Mellotron na ala za kupulizwa, jibu ni McDonald. Na ukiuliza ni nani aliyeunda sura ya bendi, kuanzia jina hadi taa hadi jalada, jibu ni Sinfield. Michael Giles naye, kwa sikio langu, ndiye mpiga dramu bora kuliko wote waliopita katika bendi hii, na nasema hivyo nikijua kwamba Bill Bruford alikuja baadaye.

Anayeishika hoja hii ataelewa kwa nini kuondoka kwa watu wawili mwezi Desemba hakukuwa badiliko dogo.

"21st Century Schizoid Man" hupigwaje? Mbona inasikika kama watu wanagombana?

Wimbo una urefu wa dakika 7 na ushei, na umegawanyika wazi. Kwanza kuna rifu nzito, yaani kifungu kifupi cha noti kinachorudiwa, ya gitaa na saksafoni kwa pamoja, halafu sauti ya Lake iliyovurugwa kwa makusudi kama inayotoka kwenye redio mbovu, ikiimba mashairi ya Sinfield yanayogusa napalm na Vita vya Vietnam. Baada ya hapo mwendo unaongezeka na bendi inaingia sehemu ya katikati, ambamo gitaa na saksafoni hupokezana nafasi ya mbele.

Kipande cha kusikilizwa kwa makini zaidi kiko mwishoni mwa sehemu hiyo. Gitaa, saksafoni, besi na dramu vinapiga noti zile zile kwa kasi, vinanyamaza kwa pamoja, vinapiga tena kidogo, vinanyamaza tena. Kimya chenyewe kimepimwa. Hakuna anayewahi wala anayechelewa, na hakuna ujanja wa kukata na kuunga utepe unaoweza kuleta hali hiyo. Ni matunda ya chumba cha Fulham Palace Road. Ugomvi wa kweli unakuja dakika ya mwisho, ambapo kila mtu anapiga anavyotaka hadi wimbo unaporomoka.

Sehemu ya pili ya "Moonchild" ni ya lazima?

Wimbo wenyewe ni mfupi na mzuri. Dakika zinazobaki, kati ya zaidi ya 12, ni ubunifu wa papo kwa papo wa sauti za chini sana. Walihitaji kujaza santuri, na pia walitaka kuonyesha upande huo wa maonyesho yao. Fripp mwenyewe aliifupisha katika toleo la mwaka 2009. Ukiiruka sehemu hiyo hupotezi kitu kikubwa.

Nani alichora jalada?

Barry Godber, kijana aliyefanya kazi ya kuandika programu za kompyuta na aliyekuwa rafiki wa Sinfield. Nje kuna uso uliofura, mdomo wazi, ukitazama pembeni kwa hofu. Hakuna jina la bendi wala la albamu upande wa mbele. Ukifungua ndani kuna uso mwingine, unaotabasamu kwa macho yenye huzuni. Godber alifariki kwa ugonjwa wa moyo Februari 1970, miezi michache baada ya albamu kutoka, na hakuwahi kuchora jalada jingine.

Ilipokelewaje?

Ilitolewa tarehe 10 Oktoba 1969 na lebo ya Island nchini Uingereza, na lebo ya Atlantic ikaitoa Marekani. Ilifika nafasi ya 5 kwenye chati za Uingereza na ya 28 Marekani. Pete Townshend wa The Who aliisifu hadharani kwa maneno mazito yaliyotumika kwenye matangazo. Kwa bendi iliyokuwa haijatimiza mwaka, haya yalikuwa mafanikio makubwa mno, na pengine yalikuja haraka kuliko walivyoweza kuyabeba.

## Kuvunjika na kujikusanya, 1969–1972

Kwa nini McDonald na Giles waliondoka wakati mambo yanawaendea vizuri?

Ziara ya Marekani ilianza mwishoni mwa Oktoba katika chuo cha Goddard, Vermont. Ratiba ilikuwa na mapengo marefu, umbali ulikuwa mkubwa, na McDonald alikuwa na hamu ya kurudi kwa mpenzi wake. Giles hakupenda maisha ya safari. Zaidi ya hayo, wawili hao waliuona muziki ukizidi kuwa wa giza, ilhali wao walitaka kitu chepesi zaidi. Mwezi Desemba, wakiwa California, walimweleza Fripp kwamba wanaondoka.

Fripp alijitolea kuondoka yeye ili wao wabaki. Walikataa. Onyesho la mwisho la safu ya kwanza lilifanyika katika ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, katikati ya Desemba 1969, miezi 11 tu baada ya mazoezi ya kwanza. Miaka mingi baadaye McDonald alikiri kwamba alijutia uamuzi huo.

Na Lake je?

Kwenye maonyesho hayo hayo ya Fillmore West walikuwapo The Nice, na Lake alizungumza na Keith Emerson. Mazungumzo hayo yalizaa Emerson, Lake and Palmer mwaka 1970. Lake alikubali kuimba kwenye albamu ya pili ya King Crimson kabla ya kwenda zake, na malipo yake yalikuwa vifaa vya sauti vya bendi.

Ni akina nani hasa wamo kwenye *In the Wake of Poseidon*?

Albamu hiyo ya Mei 1970 ilirekodiwa na bendi ambayo, kwa hakika, haikuwapo. Fripp na Sinfield walikuwa wamebaki wawili. Lake aliimba karibu nyimbo zote. Gordon Haskell, aliyesoma shule moja na Fripp, aliimba "Cadence and Cascade". Michael Giles alirudi kupiga dramu kwa malipo ya kazi, na ndugu yake Peter akapiga besi, hivyo Giles, Giles na Fripp wakakutana tena. Mel Collins alileta saksafoni na filimbi, na Keith Tippett piano ya jazi. Tippett alialikwa ajiunge moja kwa moja, akakataa.

Mpangilio wake unafuata albamu ya kwanza karibu hatua kwa hatua, na wakosoaji hawakukosea kulisema hilo. "The Devil's Triangle" ni ile "Mars" ya jukwaani iliyobadilishwa. Hata hivyo ilifika nafasi ya 4 Uingereza, juu kuliko ile ya kwanza, na singo ya "Cat Food" iliwapeleka kwenye kipindi cha televisheni cha *Top of the Pops*, huku piano ya Tippett ikirukaruka kana kwamba paka ametembea juu yake.

Ni kweli Elton John na Bryan Ferry walikaribia kuwa waimbaji wao?

Ni kweli kwa kiasi tofauti. Elton John alikuwa amepangiwa kuimba kwenye *Poseidon* kama mwimbaji wa kukodiwa, Fripp akasikiliza albamu yake na kufuta mpango. Bryan Ferry alifanyiwa majaribio baadaye na hakuchukuliwa, lakini Fripp na Sinfield walivutiwa naye kiasi cha kumuunganisha na E.G. Sinfield ndiye aliyetayarisha albamu ya kwanza ya Roxy Music, bendi ya Ferry, mwaka 1972.

Kwa nini *Lizard* na *Islands* ni ngumu kuzizoea?

*Lizard* ya Desemba 1970 ina wapulizaji wa jazi kutoka kundi la Tippett, na upande mzima wa pili ni kazi moja ya dakika 23, inayofunguliwa na sauti ya Jon Anderson wa bendi ya Yes. Haskell, aliyekuwa sasa mwimbaji na mpiga besi, hakuupenda muziki aliokuwa akiurekodi, na yeye na mpiga dramu Andy McCulloch waliondoka kabla santuri haijafika madukani. Ni albamu iliyojaa hadi inakosa hewa.

*Islands*, ya Desemba 1971, ni kinyume chake. Ina nafasi na utulivu. Mwimbaji wake, Boz Burrell, hakuwa mpiga besi. Fripp alimfundisha baada ya kushindwa kumpata mtu anayefaa, na mwanafunzi huyo baadaye akawa mpiga besi wa Bad Company. Pamoja na Collins na mpiga dramu Ian Wallace, hii ilikuwa safu ya kwanza kupanda jukwaani tangu Fillmore West.

Sinfield aliondokaje?

Baada ya ziara ya Marekani ya mwishoni mwa 1971, Fripp alimwomba aondoke. Mmoja alikuwa akielekea kwenye muziki mkali na wa ghafla, na mwingine alitaka ulaini wa *Islands*. Hapo ndipo, na si mapema zaidi, King Crimson ilipokuwa bendi ya Fripp. Waliobaki walimaliza ziara moja zaidi mwaka 1972 kwa kutimiza mkataba tu, ikatoa albamu ya jukwaani *Earthbound*, iliyorekodiwa kwa kaseti na inayosikika hivyo.

## Maswali ya pembeni

Albamu ya McDonald and Giles, ya wale wawili walioondoka, ihesabiwe kuwa ya King Crimson?

Kwa jina, hapana. Kwa damu, inastahili kukaa kwenye rafu hiyo hiyo. Peter Giles anapiga besi na Steve Winwood ni mgeni. Ukiisikiliza sambamba na *Poseidon* unasikia safu ya 1969 iliyopasuliwa vipande viwili: melodi na mwanga vikaenda upande huu, mvutano na giza upande ule.

Kundi la 1972–1974 lihesabiwe kuwa "mwanzo" pia?

Wengi hulihesabu, na ukurasa huu umelitaja kwa sababu hiyo. Bill Bruford aliiacha Yes baada tu ya kurekodi *Close to the Edge*, akajiunga na Fripp, pamoja na John Wetton wa besi na sauti, David Cross wa fidla na Jamie Muir, aliyegonga karibu kila kitu kinachogongeka. Mashairi yalitungwa na Richard Palmer-James. *Larks' Tongues in Aspic* ilitoka Machi 1973, Muir akiwa ameshaondoka kwenda kwenye monasteri ya Kibudha Scotland. Mwaka 1974 ilifuata *Starless and Bible Black*, ambayo sehemu kubwa ni rekodi za jukwaani zilizofutwa makofi, na baadaye *Red*. Onyesho la mwisho lilikuwa Central Park, New York, tarehe 1 Julai 1974. Fripp aliivunja bendi mwezi Septemba, kabla *Red* haijatoka. McDonald anapiga saksafoni kwenye albamu hiyo kama mgeni, na ulikuwapo mpango wa yeye kurudi.

Kuna uhusiano wowote na Freddie Mercury?

Wasomaji wa Zanzibar huuliza hili, kwa kuwa Freddie alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, mwaka ule ule aliozaliwa Fripp. Uhusiano wa karibu haupo. Ila Queen walirekodi sehemu ya *News of the World* mwaka 1977 katika studio ile ile ya Wessex, na "We Will Rock You" ni zao la hapo.

Kwa nini matoleo ya albamu ya kwanza hayasikiki sawa? Ninunue lipi?

Kwa miaka mingi matoleo yalifanywa kutoka kwenye nakala za nakala, kwa kuwa kanda mama ya stereo ilikuwa imepotea kwenye maghala. Ilipopatikana ilitumika kwa toleo la mwaka 2004, na tofauti inasikika hasa kwenye matoazi na kwenye pumzi ya filimbi. Mwaka 2009 Steven Wilson na Fripp walichanganya upya kutoka kanda za studio za njia 8. Toleo hilo linatenganisha tabaka za Mellotron kuliko yaliyotangulia na linamfaa anayetaka kuchunguza kazi ya McDonald. Anayetaka kusikia walichosikia watu wa 1969 achukue la 2004. Santuri za kwanza za Island zina kibandiko cha waridi chenye herufi "i" nyeusi na namba ILPS 9111. Muuzaji akikuonyesha kibandiko cha rangi nyingine, hiyo si chapa ya kwanza, hata kama jalada ni la zamani.